Korongo Si Bonde, Wala Si Shimo

Tarehe 12 Aprili 2024, katika jiji la Arusha, gari dogo lililokuwa limebeba wanafunzi lilisombwa na maji ya mvua katika korongo, na watoto kadhaa wakapoteza maisha. Taarifa nyingi za siku ile zilieleza kwamba gari limetumbukia korongoni. Kisarufi sentensi hiyo haina kosa, lakini msomaji aliye mbali na Arusha aliyeisoma aliona akilini mwake gari lililoacha barabara na kuanguka kutoka juu hadi kwenye shimo refu, kama ajali nyingine yoyote ya mlimani. Aliyelaumu alimlaumu dereva au kingo za barabara zisizo na vizuizi. Kilichoua, hata hivyo, ni maji. Korongo lilikuwa limejaa, maji yakaenda kwa kasi mahali ambapo siku za jua watu hupita bila kuwaza lolote, na gari likachukuliwa. Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jinsi neno hili linavyotumiwa kila mvua zinapoleta maafa, na nimeridhika kwamba tatizo ni kubwa kuliko uchaguzi wa mwandishi mmoja wa habari. Hoja ninayoitetea ni hii: korongo ni jina la njia ya maji, na umbo lake la mfereji mrefu wenye kuta ni alama tu ya kazi ambayo maji yameifanya na yatakayorudi kuifanya. Tunapolitumia kwa maana ya shimo, au tunapolimeza ndani ya neno bonde, tunapoteza onyo ambalo Kiswahili kilikwisha kulihifadhi ndani ya neno lenyewe.

Kwanza tulitazame neno katika ukoo wake. Kiswahili kina maneno mengi ya mahali pa kupitia maji, na kila moja lina mpaka wake. Mto una maji yanayotarajiwa kuwapo, hata kama hupungua. Kijito ni mdogo wake. Mfereji na mtaro huchimbwa na mtu, kwa jembe au kwa mashine, na mtu huyo alikuwa na nia ya kuyapeleka maji mahali fulani. Mchirizi ni alama nyembamba ya maji yatiririkayo, ukutani au uani. Mkondo ni mwendo wa maji yenyewe, kiasi kwamba hata bahari ina mikondo bila ya kuwa na kingo. Lipo pia mfo, ambalo wingi wake ni mifo, neno la zamani lenye maana ya maji ya mvua yashukayo kwa nguvu pamoja na njia yake, ambalo leo husikika kwa nadra. Genge na gema ni kuta za mwamba au udongo zisizohitaji maji ili ziitwe hivyo. Bonde ni pana. Mtu hulima ndani yake, hujenga, huzaliwa na kuzikwa humo. Katikati ya jamaa hii yote ndipo linaposimama korongo: mfereji ambao haukuchimbwa na mtu, uliokatwa ardhini na maji ya mvua, wenye kuta zilizosimama, na ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayolitofautisha na mto, na ndiyo inayotupotosha. Jina la mto tunalipata kwa kuyaona maji, na jina la korongo tunalipata kwa kuona mahali ambapo maji yalipita. Kwa hiyo mtu anayesema korongo anataja kitu ambacho kwa kawaida hakipo mbele ya macho yake wakati anasema.

Ushahidi wa maana hii haupo katika kamusi tu, maana kamusi hueleza kwa ufupi na mara nyingi huishia kwenye umbo. Uko katika vitenzi. Wakazi wa maeneo yenye makorongo husema korongo limejaa, korongo limefurika, korongo limekata njia, korongo limechukua ng'ombe. Hivi ni vitenzi vya mto. Hakuna asemaye shimo limefurika na likachukua ng'ombe, wala bonde limekata njia kwa maana ya kuizuia kwa saa tatu halafu kuiachia. Papo hapo watu hao hao husema mtu ametumbukia korongoni, mbuzi amedondokea korongoni, korongo limechimbika zaidi mwaka huu. Hivi ni vitenzi vya shimo. Neno limebeba pande zote mbili bila kuona haya, kwa kuwa kitu chenyewe kina pande zote mbili: ni chombo wakati wa kiangazi na ni mwendo wakati wa masika. Mwandishi anayechukua vitenzi vya upande mmoja tu huwa ameandika nusu ya neno. Sentensi isemayo gari limetumbukia korongoni inaweza kuwa ya kweli katika mwezi wa Septemba na ikawa ya kupotosha katika mwezi wa Aprili, na tofauti hiyo haimo katika nomino, imo katika kitenzi tulichoichagulia.

Mahali ambapo neno hili limepata heshima kubwa kuliko popote ni Oldupai, katika eneo la Ngorongoro, na inafaa tukae hapo kidogo kwa sababu watu wengi hulitaja korongo lile bila kujua neno lenyewe limesafiri umbali gani. Jina Oldupai linatokana na neno la Kimaasai la mkonge mwitu unaoota pale. Korongo lenyewe, pamoja na tawi lake la pembeni, lina urefu wa takribani kilomita 48, na mahali pengine kina chake hufikia mita 90. Limekatwa na kijito cha msimu kinachotoka upande wa maziwa Ndutu na Masek na kuelekea mashariki hadi kwenye uwanda wa chini wa Olbalbal. Wataalamu wa mabaki ya kale walipoanza kazi pale, akiwamo Louis Leakey kuanzia mwaka 1931, walihitaji namna ya kutaja kila mfereji mdogo unaoingia katika korongo kuu, na walichokifanya ni kuchukua neno la Kiswahili lilivyo na kuliunganisha na majina ya watu. Ndiyo maana eneo ambalo Mary Leakey alilipata fuvu maarufu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, tarehe 17 Julai 1959, fuvu lenye umri wa takribani miaka milioni 1.8, linaitwa kwa kifupi FLK, yaani Frida Leakey Korongo. Yapo pia DK, Douglas Korongo, na MNK, Mary Nicol Korongo. Herufi K katika vifupisho hivyo, ambavyo wanafunzi wa chimbuko la binadamu huvisoma katika vyuo vya dunia nzima, ni neno letu. Na halikuchaguliwa kwa pambo. Fuvu lile halikuchimbuliwa kutoka ardhi isiyoguswa. Mmomonyoko ulikuwa umekwisha kuyatoa nje baadhi ya mabaki yake, na macho yenye uzoefu yakayaona. Maji yalichimba kwanza, wataalamu wakafuata. Korongo hapo ni mchimbaji, na bila kazi yake tabaka zile za majivu ya volkano na tope la ziwa la kale zingebaki zimefunikwa.

Hata hivyo umaarufu wa Oldupai umeleta hasara moja ambayo haizungumzwi. Shuleni, mwanafunzi hukutana na korongo kama umbo kubwa la ardhi, jambo la kustaajabisha, lenye kuta ndefu na watalii juu yake. Majabali yaliyokatwa na mto Colorado kule Marekani nayo huitwa korongo, na hakika yanastahili kuitwa hivyo. Kidogo kidogo neno linapanda cheo hadi mtoto anaamini kwamba korongo ni lazima liwe la ajabu, na kwamba ule ufa wenye kina cha mita mbili unaopita nyuma ya nyumba yao hauna jina maalumu. Ni shimo tu, au ni mahali pa kutupia taka. Wanaotetea matumizi haya ya kijiografia wana hoja ninayoiheshimu. Wanasema kwamba elimu inahitaji istilahi zilizo thabiti, kwamba umbo linaweza kupimwa na kuchorwa ramani ilhali maji huja na kuondoka, na kwamba ukiliita korongo kila mchirizi uliokatwa na mvua ya juzi, neno litakosa nguvu. Ni kweli kwamba istilahi inahitaji mipaka. Lakini mpaka wa korongo haukuwahi kuwa ukubwa. Wazungumzaji huita korongo mfereji wa kimo cha mtu na huita korongo mfereji wa kina cha mita 90, na hawaoni mgongano, kwa kuwa kinachowaunganisha wawili hao ni chanzo chao. Istilahi inayokitupa chanzo na kubakiza kimo imepata uthabiti kwa kulipa bei kubwa mno.

Hapa ndipo tunapofika kwenye neno lenye madhara zaidi, nalo ni bonde. Kila msimu wa mvua kubwa, viongozi na vyombo vya habari nchini Tanzania hurudia wito mmoja: wanaoishi mabondeni wahame. Wito huo una historia inayoeleweka. Mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40, yaliwapiga hasa waliojenga katika bonde la mto Msimbazi na vijito vyake, na baadhi ya walioathirika walihamishiwa Mabwepande. Kwa jiji lililo tambarare kama lile, neno mabondeni linatosha. Maji hupanda taratibu, hutanda, na walio chini huzama kwanza. Lakini lugha iliyozaliwa na mafuriko ya Dar es Salaam imekuwa lugha ya nchi nzima, na huko kwingine haitoshi. Tarehe 3 Desemba 2023, katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani wilayani Hanang, mkoani Manyara, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka katika miteremko ya Mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na kuua watu zaidi ya 80. Wapo waliodhani kwamba volkano imelipuka. Serikali ikaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilikuwa imenyonya maji mengi, ikameguka na kuporomoka. Tope la namna hiyo halishuki kila mahali kwa usawa. Hufuata njia ambazo maji yalikwisha kuzikata, yaani makorongo, na hutokea mwisho wa njia hizo, pale mteremko unapolegea na watu wanapopenda kujenga kwa sababu ardhi ni nzuri na barabara iko karibu. Mwananchi wa Katesh aliyesikia redioni kwamba wanaoishi mabondeni wahame angekuwa na haki kabisa ya kuamini kwamba haambiwi yeye. Haishi bondeni. Anaishi chini ya mlima, mahali pa juu kuliko sehemu kubwa ya mkoa.

Miezi michache baadaye jambo la aina hiyo lilitokea upande wa pili wa mpaka. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, karibu na Mai Mahiu nchini Kenya, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, maji yalivunja kizuizi na kuteremka juu ya makazi ya watu, makumi walikufa. Taarifa za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye wizara inayohusika na maji ilieleza kwamba palikuwa na njia ya maji iliyopita chini ya tuta la reli, ikazibwa na uchafu, miti na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta hadi likashindwa. Nalitaja tukio hili kwa sababu ya jina tu. Kwa muda taifa zima lilizungumzia bwawa, na mjadala ukawa wa mabwawa: yako mangapi, nani anayakagua, nani aliye karibu nayo ahame. Mjadala huo haukuwa na ubaya, lakini haukuhusu kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba njia ya maji ya mvua ilizibwa, na kwa kuwa siku nyingi ilikuwa kavu hakuna aliyeihesabu kuwa kitu kinachoweza kuua. Laiti tungekuwa na mazoea ya kusema wazi kwamba korongo limezibwa, swali la kwanza lingekuwa ni wapi kwingine tuta la reli au la barabara limekatiza korongo, na tundu lililoachwa chini yake lina upana gani.

Upande mwingine wa mjadala umeshikiliwa na wale wanaopendekeza tuachane na korongo katika maandishi rasmi na tuseme mto wa msimu. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu, nami sitaki kuipita haraka. Nguvu yake iko katika sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka katika kingo za mito na maeneo mengine ya maji. Mtu akiuita mfereji ule mto, ameuweka chini ya ulinzi wa mita 60. Akiuita korongo, anampa mjenzi nafasi ya kusema kwamba sheria imezungumzia mto, na hapa hapana mto, pana mchanga mkavu ambao hata watoto wanauchezea mpira. Kwa hiyo, wanasema, yeyote anayejali usalama wa watu alipaswa kulikimbia neno korongo. Nakubaliana nao kwamba mwanya huo unaweza kutumiwa, na kwamba mkazi maskini aliyeuziwa kiwanja kando ya korongo mara nyingi ameuziwa kwa maneno hayo hayo. Lakini dawa waliyoichagua inaficha tofauti ya kimaumbile ambayo sheria yenyewe inaihitaji. Mto una kingo ambazo, ingawa husogea, husogea kwa mwendo ambao ramani inaweza kuufuata. Korongo husogea kwa namna nyingine. Maji yanapomwagika kwenye ncha yake ya juu hukwangua udongo chini ya ukingo, ukingo unabaki ukining'inia, kisha unaanguka, na ncha ya korongo inarudi nyuma kuelekea juu ya mteremko, ikila shamba, njia na mara nyingine msingi wa nyumba. Huku chini, kuta hubomoka pembeni na mfereji hupanuka. Mita 60 zilizopimwa leo kutoka ukingoni zinaweza zisiwe 60 baada ya misimu michache, na nyumba iliyojengwa kwa kufuata sheria ikajikuta inaivunja sheria bila kusogea hata hatua moja.

Anayetaka kuuona ukweli huu kwa kiwango cha nchi aende Kondoa. Ukataji wa miti na malisho yaliyozidi uwezo wa ardhi viliiacha sehemu ya wilaya ile imechanwachanwa na makorongo, hadi mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kwa jina la HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Uamuzi huo uliwaumiza wafugaji na bado una wakosoaji wake, lakini uoto ulirudi katika sehemu kubwa ya eneo lile. Niliwahi kusimama na mwenyeji mmoja kando ya korongo huko, nikamwuliza lina kina gani. Hakunijibu kwa kina. Alinionyesha kwa kidole hewa iliyokuwa juu ya korongo, akasema, “Hapo ndipo ilipokuwa njia yetu ya kwenda kisimani.” Alilipima korongo kwa kile lilichokwisha kukichukua. Mtu wa ofisini anayeandika mto wa msimu hana mahali pa kuliweka jibu hilo, kwa sababu neno msimu linatuambia maji huja lini, na halituambii kwamba ardhi yenyewe inaondoka. Pendekezo langu basi ni kwamba sheria iyataje yote mawili, mito na makorongo, na kwa makorongo iseme kwamba umbali upimwe upya kila baada ya kipindi fulani na uangalie pia ncha ya juu, siyo kuta za pembeni peke yake. Jambo hili si la mbali. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzitafsiri sheria imekuwa ikiendelea tangu wakati huo. Mahali fulani mfasiri anakutana na neno la Kiingereza lenye maana ya njia yoyote ya maji, iwe na maji au isiwe nayo, na inambidi aamue. Akiandika mkondo, amesema kidogo mno. Akiandika mto, ameyatoa makorongo nje ya sheria bila mjadala wowote bungeni.

Zimebaki hoja mbili ambazo nazihesabu kuwa dhaifu, lakini zinarudiwa mno kiasi kwamba kuzinyamazia kungeonekana ni kuziogopa. Ya kwanza inasema neno korongo lina utata kwa kuwa ni jina pia la ndege mrefu wa miguu na shingo, na tena ni jina la mnyama mmoja wa porini wa jamii ya swala wakubwa, hivyo maandishi ya onyo hayapaswi kulitumia. Mwenye kusema hivi amesahau kwamba Kiswahili kina ngeli. Ndege husemwa korongo ameruka, korongo wameruka, na upatanisho wake ni wa viumbe hai. Njia ya maji husemwa korongo limejaa, makorongo yamejaa, na upatanisho wake ni wa li na ya. Hakuna sentensi timamu ambamo msikilizaji atabaki anajiuliza kama ndege amefurika. Utata huo upo kwenye programu za tafsiri, ambazo mara nyingine humgeuza ndege kuwa mfereji au mfereji kuwa ndege kwa sababu zimelichukua neno peke yake na kuupuuza upatanisho, lakini lugha haiwezi kutupa neno lake kwa ajili ya udhaifu wa mashine isiyoisoma sarufi yake. Hoja ya pili inadai kwamba korongo ni neno la bara, la watu wa milimani na nyanda kavu, na kwamba Kiswahili cha maandishi rasmi kiende na maneno yaliyo ya wote. Lakini makorongo yenyewe ni ya bara. Neno la kitu hupata nguvu mahali kitu kilipo, na kama watu wa pwani ndio waliotupa majina ya pepo za bahari na sehemu za jahazi, sioni kwa nini watu wa Dodoma, Arusha na Iringa wasitupe jina la kitu kinachowaua wao. Kaskazini mwa Kenya, penye mito ya mchanga inayokaa kavu kwa miezi, watu wana neno laga, na hakuna anayewaambia waliache ili waandike mto.

Tena tusisahau kwamba neno hili limekwisha kuandikwa juu ya ardhi. Moshi ina kata iitwayo Korongoni, na Iringa ina kata iitwayo Makorongoni. Waliotoa majina hayo hawakuwa na vipimo vya mvua wala picha za setilaiti, lakini walimwachia atakayekuja baadaye taarifa kamili katika neno moja, pamoja na kiambishi cha mahali: hapa ni ndani ya njia za maji. Linganisha na Jangwani, jijini Dar es Salaam, mahali ambapo mto Msimbazi hufurika mara kwa mara hadi barabara kufungwa. Mgeni anayelisikia jina hilo kwa maana yake ya leo hupata picha ya ukame. Sisemi kwamba jina lingeyazuia mafuriko, wala kwamba watu hujenga kwa kusoma majina. Hujenga kwa kufuata bei ya kiwanja na umbali wa kazi. Lakini mpimaji, mnunuzi, hakimu na mhandisi wote huanza na jina, na jina linalosema kweli huwapa swali la kuuliza kabla ya mvua.

Kassim Majaliwa, wakati huo akiwa Waziri Mkuu wa Tanzania, aliliambia Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kwamba watu 155 walikuwa wamefariki kutokana na mvua za msimu ule, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni uharibifu wa mazingira, ukiwamo ukataji wa miti na malisho yasiyodhibitiwa. Hizo ndizo sababu zinazozaa makorongo. Kwa hiyo onyo linalotolewa kwa redio na kwa simu kabla ya masika lingeweza kuandikwa upya bila gharama yoyote. Badala ya kuwaambia wanaoishi mabondeni wahame, liwaambie wanaoishi mabondeni na kando ya makorongo, na walio chini ya miteremko ambako makorongo yanatokea, kwamba korongo lililo kavu mchana linaweza kujaa jioni kwa mvua iliyonyesha mlimani wala wao wasiione hata tone. Mwenye gari aambiwe kwamba maji yapitayo juu ya kivuko cha korongo yanaweza kuwa yamekwisha kukila kivuko chenyewe kwa chini, na kwamba kina alichokijua jana si kina cha leo. Shule zinazotumia njia zinazokatiza makorongo zipewe orodha ya vivuko hivyo, kila kimoja kwa jina lake kama wenyeji wanavyokiita, na siku ambayo korongo limejaa gari lisubiri upande liliopo hadi maji yapungue, hata kama watoto watachelewa darasani.